Mkono wa Torbjörn Ekvall

Lövåsen, Dalarna
6 Novemba 1979

Dada Solveig,

Soksi zimefika, asante. Kjell ameiba jozi moja siku hiyohiyo. Anadai ni kodi ya kulala chumba kimoja na bingwa. Nilipomwambia bingwa mwenyewe ana soksi nne tu, akajibu, "Paris umeshinda mara mbili, nenda kanunue." Unamjua alivyo. Miaka sita tumecheza tenisi pamoja, sijawahi kumshinda kwa maneno.

Tuko huku msituni tangu Alhamisi: wachezaji wanne, kocha Brolin, na mpishi anayeamini kwamba samaki wa siki ni chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Fainali ya Kombe la Mataifa dhidi ya Waitalia inaanza Stockholm Ijumaa tarehe 30. Magazeti yameshaandika kwamba mimi nitashinda mechi zangu mbili, kwa hiyo kazi yangu ni kwenda kuthibitisha walichoandika.

Mafua yametuingia kambini. Brolin ana dawa yake ileile ya tangu enzi zake: unavaa sweta mbili, unakimbia kilomita kumi na mbili kuzunguka ziwa, unaingia kwenye chumba cha mvuke mpaka masikio yawake, halafu unajitosa ziwani. "Mafua ni mgeni," anasema. "Ukimkalisha kitini, atalala." Basi tunamkimbiza mgeni. Kila asubuhi anatupima mapigo ya moyo na kuyaandika kwenye karatasi mlangoni pa jikoni, wote tuyaone. Mimi kawaida yangu ni arobaini na nne. Leo yalikuwa sitini na mbili. Brolin alisema nimekunywa kahawa kwa siri.

Usiku natoka jasho kidogo, lakini blanketi za hapa ni nzito.

Mdogo wako,
Tobbe


Granholm
9 Novemba 1979

Tobbe,

Sikucheka.

Nimekuwa nesi kwa miaka kumi na minne, na mtu wa mapigo arobaini na manne akiniletea sitini na mawili pamoja na jasho la usiku, simuulizi habari za kahawa. Una homa? Umepima? Najua hujapima. Kwenye nyumba yetu kipimajoto kilikuwa cha watoto na ng'ombe.

Unamkumbuka Östen, mtoto wa wale wa kiwanda cha mbao? Alikuwa na miaka ishirini na sita, kifua kama mlango wa ghala. Februari alipopatwa na mafua alikwenda kukata miti kama kawaida, kwa sababu baba yake naye hukata miti akiwa na mafua. Walimkuta ameketi kwenye gogo, shoka limelala mapajani. Daktari Wetterlund alinieleza baadaye: mafua yalikuwa yameshuka mpaka kwenye msuli wa moyo. Ukilala, moyo unapona wenyewe. Ukikimbia, unakimbia na moyo wenye kidonda.

Acha kukimbia. Acha hicho chumba cha mvuke. Panda treni Jumapili ya tarehe 18, siku yenu ya mapumziko, Wetterlund akupime. Nitapika mayai.

Solveig


Lövåsen
13 Novemba 1979

Dada yangu mpenda misiba,

Mechi ni baada ya siku kumi na saba, na wewe unaniletea Östen na shoka lake.

Hebu fikiri. Mimi ndiye wanayemwita Jiwe. Nilicheza seti tano Paris vidole vya mguu vinavuja damu, na hakuna aliyejua mpaka nilipovua viatu. Kuna mzee huko Värmland ameniandikia kwamba alitengua bega kwenye mbio za kuteleza thelujini akamaliza kilomita arobaini zilizobaki, na ananiona mimi ni mtu wa aina yake. Sasa nisimame mbele ya Waswidi milioni nane niwaambie, samahani, nina makamasi?

Mapigo leo ni sitini na nane, kwa kuwa umeuliza. Brolin ameongeza kilomita mbili. Jana nilijikwaa kwenye mzizi karibu na daraja, nikachubuka goti, basi. Sina kingine cha kuripoti kwa serikali.

Tobbe

Nesi Solveig, hapa ni Kjell. Nimeichukua hii barua niipeleke posta, na kwa kuwa haijafungwa nimesoma. Kosa ni lake. Nilikuwa nyuma yake jana. Pale darajani hakuna mzizi, pako peupe kama sahani. Alianguka kama gunia, akakaa chini kama dakika mbili, uso rangi ya maziwa, halafu akaniambia, "Ukisema nakuua." Basi sijasema, nimeandika. Mimi nina mafua hayohayo, ila mimi siangukagi, mimi ni wa familia ya wakulima. Mwite nyumbani. Anakuogopa wewe kuliko Waitalia. K.


Granholm
15 Novemba 1979

Torbjörn,

Jumapili, treni ya saa tatu na robo. Nitakuwa stesheni. Usipokuwemo ndani yake, nitapanda ile inayorudi nije huko Lövåsen nikukokote mbele ya Brolin na mpishi wake.

Mwambie Kjell asante.

S.


Granholm
20 Novemba 1979

Tobbe, mdogo wangu,

Naandika kwa sababu stesheni hatukuweza kuongea, na wewe ulikuwa unatazama reli.

Wetterlund ameirudia ile karatasi ya kipimo cha moyo na kumwonyesha mwenzake wa hospitali ya mkoa. Jibu ni lilelile. Msuli wa moyo umevimba. Hakuna kukimbia, hakuna raketi, hata ngazi upande polepole, mpaka majira ya kuchipua majani. Ukitii, utacheza tena, tena vizuri. Usipotii, hakuna anayeweza kusema itakuwa siku gani. Hayo ni maneno yake, siyo yangu.

Sijawahi kukuona ukilia tangu mama afariki. Ulipokaa pale jikoni, mayai yamepoa, ukasema bora uanguke uwanjani kuliko gazeti liandike kwamba Jiwe limeangushwa na mafua, nilitaka kukuzaba kofi. Halafu nikajua kwamba unasema kweli, kwamba ungeenda kucheza kwa sababu tu ya aibu. Ndiyo maana nilikwambia lile neno. Narudia hapa ili lisipinde: sema ni mkono. Kifundo cha mkono wa kulia. Mcheza tenisi akiumia mkono hakuna anayemcheka. Nimekufunga bendeji vizuri, usiifungue mbele za watu. Wetterlund ameandika "asicheze" tu, sababu hakuweka, maana ni siri ya mgonjwa.

Uongo wa wiki mbili. Hautamdhuru mtu.

Solveig


Lövåsen
23 Novemba 1979

Bi. Solveig Ekvall,

Nimepokea cheti cha daktari. Torbjörn anasema ni mkono. Mimi nimefundisha tenisi miaka thelathini na moja na nimeona mikono mingi. Leo asubuhi alimimina kahawa kwa mkono huo, birika likiwa limejaa, akiwa anazungumza na mtu mwingine. Kisha akaniona, akalihamishia mkono wa kushoto.

Simwiti mwongo. Labda amechoka, labda ana hofu. Hata hilo hutokea. Lakini nimelazimika kupanga timu upya. Kjell Norrby atacheza mechi zote mbili za Torbjörn, na pia ule mchezo wa wawili wawili Jumamosi. Ni mechi tatu kwa siku tatu, kwa mtu ambaye miaka yote amekuwa wa pili. Nimemwongezea mbio za asubuhi na za jioni. Anakohoa, lakini halalamiki. Wachezaji wa namna hiyo wamebaki wachache.

Wewe ni nesi. Kama kuna jambo ambalo mimi kama kocha napaswa kulijua, nakuomba uniambie. Nitalitunza.

Kwa heshima,
Hjalmar Brolin


Granholm
25 Novemba 1979

Bw. Brolin,

Nashukuru kwa barua. Sina la kuongeza. Ni mkono.

Solveig Ekvall


Lövåsen
27 Novemba 1979

Dada,

Kesho tunahamia Stockholm. Mimi nimepewa kiti pembeni ya uwanja na blanketi la magotini, kama bibi harusi wa zamani. Waandishi wamekuja kupiga picha bendeji. Mmoja aliniomba nikunje uso kidogo nionekane na maumivu. Nikakunja. Mapigo yangu ni hamsini na matano leo, nimepima mwenyewe chooni. Nadhani napona, na naona haya kwamba nafurahi.

Sasa Kjell. Hujawahi kumwona hivi. Jana jioni alikimbia mbele ya kila mtu, yeye ambaye siku zote huwa nyuma akiimba. Brolin alimpiga bega, akamwambia, "Norrby, nilikusahau wapi miaka yote hii?" Alikuja chumbani akakaa kitandani, akanyamaza. Kjell kunyamaza! Halafu akasema, "Tobbe, Mungu anisamehe, lakini nashukuru kwa mkono wako." Ana miaka ishirini na tisa. Anneli ni mjamzito wa miezi saba, naye amekata kila picha ya gazeti yenye jina la mumewe, hata zile ndogo.

Anakohoa usiku. Mto wake asubuhi umelowa. Mapigo yake pale mlangoni jana sabini na moja, leo sabini na nne. Brolin anasema ni msisimko.

Nimefungua mdomo mara mbili nimwambie. Mara ya kwanza mpishi aliingia. Mara ya pili hakuingia mtu. Nikimwambia, itabidi nimweleze nimejuaje. Na nikimwambia halafu isiwe kweli, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichowahi kupewa na tenisi.

Niambie wewe. Nimwambie?

Tobbe


Granholm
29 Novemba 1979

Tobbe,

Barua yako imefika leo saa nne. Nimetembea kwenda na kurudi kliniki mara tatu. Nilipiga simu hotelini kwenu. Mapokezi wakasema timu iko uwanjani, kuna ujumbe? Nikasema hapana, si jambo kubwa. Sikutaka kuwa mtu wa kupaza sauti kwenye simu ya watu. Kwa hiyo naandika, na naituma kwa haraka, uipate kesho kabla ya mechi.

Mpe kipimajoto. Mwambie apime kila asubuhi kabla ya kunyanyuka kitandani. Ikizidi thelathini na saba na nusu, asicheze, hata Brolin akipiga kelele. Ikiwa chini ya hapo, huenda ni mafua tu. Watu wengi hupata mafua, Tobbe, na karibu wote hawafi.

Usimweleze habari zako. Akijua Kjell, jioni anajua Anneli, na keshokutwa liko magazetini kwamba mkono wako hauna kitu na kwamba nesi wa Granholm amedanganya kwa cheti cha daktari. Zimebaki siku tatu tu.

S.


Uppsala
9 Desemba 1979

Solveig,

Tumeonana mara moja tu, kwenye harusi yetu, ulipomfunga Kjell kidole baada ya kujikata na kisu cha keki. Natumaini hutaniona mkosefu wa adabu kwa kukuandikia.

Umesoma magazeti, kwa hiyo unajua yote ambayo na mimi nimeyasoma humo. Ijumaa alishinda. Jumamosi walishindwa. Jumapili alicheza seti tano, saa nne na dakika kumi, na kombe likawa letu. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu na tumbo langu hili, nikipiga kelele mpaka bibi wa jirani akanipa peremende. Jumatatu asubuhi Brolin aliwatoa wote kunyoosha miguu kando ya maji, mbio nyepesi. Kjell alisimama afunge kamba ya kiatu. Aliinama, na hakuinuka. Mtu mmoja alidhani anatania, kwa sababu ni Kjell, akampita akimcheka.

Daktari wa Stockholm amenieleza kwamba msuli wa moyo ulikuwa umevimba kwa wiki kadhaa. Nikamwuliza, kama angepumzika, angeishi? Akatazama dirishani, akasema maswali ya namna hiyo hayamsaidii mtu.

Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu kuna kitu kimoja kinanisumbua. Jumamosi asubuhi Kjell alinipigia simu akicheka. Alisema, "Tobbe amenipa kipimajoto, ananisimamia kama kuku anayeatamia. Thelathini na saba nukta nne, nimefaulu!" Nikamwambia, tangu lini Tobbe akawa daktari? Tukacheka wote. Jumapili tena ilikuwa thelathini na saba nukta nne.

Kwa nini alimpa kipimajoto, Solveig? Mchezaji mwenye mkono mbovu anajali nini joto la mwenzake? Nimemwuliza Tobbe. Alinishika mkono akasema nipumzike, nina mtoto tumboni.

Mazishi ni Ijumaa tarehe 14. Si lazima ujibu haraka. Sitaki kumsumbua mtu.

Anneli Norrby


Stockholm
12 Desemba 1979

Dada,

Anneli ameniambia amekuandikia. Nakuomba mwandikie kwamba hujui. Mwandikie kwamba kulikuwa na mafua kambini, na mimi nilikuwa na wasiwasi wa kawaida. Huo ni ukweli pia.

Sitaki kujitetea. Asubuhi zote tatu nilisimama pale na kile kipimajoto mkononi, na kila mara kilipoonyesha thelathini na saba nukta nne nilisikia raha ya ajabu, kama mtu aliyesamehewa. Nilishukuru! Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ndani ya gari, mezani, kwenye kochi la chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekaa karibu yangu kiasi kwamba nilisikia kifua chake kikilia.

Lakini kusema sasa kutamfufua nani? Ninachoweza kumfanyia ni kurudi Machi na kucheza kwa ajili yake. Brolin anasema hivyo hivyo. Brolin amezeeka miaka kumi kwa wiki moja, usimwandikie na yeye.

Kuna jambo lingine. Anneli ameniomba niwe mmoja wa wanaobeba jeneza. Nilikubali. Baadaye mtu wa shirikisho akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole, "Na mkono je?" Picha zitapigwa. Nimemwambia Anneli kwamba daktari amenikataza kunyanyua kitu kizito. Akasema, "Ndiyo, bila shaka, nilisahau, samahani." Ameniomba samahani, Solveig.

Nitatembea nyuma, na bendeji.

Tobbe


Granholm
15 Desemba 1979

Mpendwa Anneli,

Jana nilikuwa kanisani, safu ya mwisho. Nilitoka kabla ya kahawa kwa sababu nisingeweza kukupa mkono. Nilimwona ndugu yangu akitembea nyuma ya jeneza, mkono umefungwa, na watu wakimtazama kwa huruma. Bendeji ile niliifunga mimi, na chini yake mkono ni mzima. Haujawahi kuumia.

Torbjörn aliugua moyo mwezi uliopita. Ni ugonjwa uleule uliomchukua Kjell, na ulitoka kambini mlemle. Nilimwita hapa, daktari akamwona, akamkataza kucheza, na ndiyo maana yuko hai. Uongo wa mkono niliubuni mimi, si yeye, kwa sababu aliona aibu kusema ni mafua, na mimi nilikubali kwamba aibu hiyo ni kitu cha maana. Kocha Brolin aliniuliza kwa maandishi kama kuna jambo apaswalo kujua. Nikamjibu hakuna. Kipimajoto pia kilitoka kwangu. Moyo unaweza kuvimba bila homa kubwa, na mimi hilo nililijua nilipokuwa naandika. Nilitaka tu kuwe na namba ya kututuliza.

Kuna moja ambalo hata Torbjörn hataki tulitaje. Siku ile kliniki, daktari Wetterlund alipomaliza, aliuliza, "Kuna mwingine kambini mwenye mafua haya?" Torbjörn akasema hapana, alikuwa anafunga vifungo vya shati wala hakuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya dirisha na faili mikononi. Nilikuwa nimepata mwandiko wa mume wako siku chache kabla, akiniambia kwa mzaha kwamba na yeye anayo. Ndiye aliyeniomba nimwite Torbjörn nyumbani. Nilimsikia ndugu yangu akisema hapana, nikamtazama daktari, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ameshasimama na nilidhani si adabu kumrudisha kitini.

Torbjörn ameniomba nisikuandikie. Asubuhi hii nimemtumia telegramu kwamba nakuandikia. Hajanijibu, na sijui kama ataniita dada tena. Brolin naye nimemwandikia, na Wetterlund nitamweleza Jumatatu. Barua hii ni yako. Mpe unayetaka, gazeti, polisi, shirikisho. Sitakanusha hata neno.

Ulimwuliza daktari wa Stockholm kama Kjell angepumzika angeishi, akatazama dirishani.

Ndiyo, Anneli. Naamini angeishi.

Solveig Ekvall